Anasoma Vizuri, Lakini Haelewi

Mtihani wa darasa la saba hufanywa Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Hapo katikati mtoto yuko nyumbani kwa miezi mitatu na zaidi. Kwetu Rungwe ndiyo miezi ambayo mvua inarudi, majani ya chai yanachipua, kazi za shamba zinafunguka, na kijana au binti wa miaka kumi na mitatu ni msaada mkubwa kwa mama. Anachuma chai, anakata majani ya ng'ombe, anabeba mkungu wa ndizi kwenda gulioni, anabaki na wadogo zake mama anapokwenda kliniki. Hatusemi asifanye hayo. Tunachowaomba, akina mama wenzetu, ni nusu saa ya jioni, chakula kikiwa jikoni, kwa ajili ya jambo moja ambalo likiachwa hadi Januari huwa limechelewa.

Jambo hilo ni kusoma Kiingereza kwa kuelewa.

Sote tunajua hali ilivyo. Katika shule zetu nyingi za msingi za serikali mtoto hufundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja kati ya mengine. Akiingia sekondari mambo yanageuka kwa siku moja. Jiografia ni kwa Kiingereza, baiolojia ni kwa Kiingereza. Sisi wa Rungwe tunalo Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, ambalo lava ililijenga bila mkono wa mtu. Kati ya darasa la saba na kidato cha kwanza hakuna daraja la namna hiyo. Wapo wazazi wenye uwezo ambao huwapeleka watoto kwenye masomo ya kulipia ya kujiandaa na sekondari, na hilo ni jema. Lakini katika nyumba nyingi fedha ya parachichi au ya maziwa imekwisha kupangiwa sare, godoro na sanduku la mtoto huyo huyo.

Jaribu jambo dogo leo jioni. Mpe mtoto wako kitabu chochote cha Kiingereza, umwambie asome ukurasa mmoja kwa sauti. Aghalabu atasoma bila kukwama, na baba yake atainua kichwa kutoka kwenye redio na kufurahi. Sasa mwambie afunge kitabu, kisha umwulize kwa Kiswahili, "Wamesema nini?" Hapo ndipo utasikia kimya. Ulimi umesoma, akili ilikuwa imekaa pembeni ikingoja. Si ujinga, wala si uvivu. Mtoto huyo amezoea kwamba kusoma Kiingereza ni kutamka, kama anavyoimba wimbo wa kwaya wa lugha asiyoijua. Hakuna aliyewahi kumwuliza wamesema nini.

Na wewe mama unajibu moyoni, "Mimi mwenyewe Kiingereza sikijui. Nitamsaidiaje?"

Twasema unaweza, tena zaidi ya unavyofikiri. Anayesoma haelewi kwa maneno peke yake. Sehemu kubwa ya kuelewa hutokana na mambo ambayo msomaji anayajua tayari kabla hajafungua kitabu. Mtoto wa Tukuyu akipewa habari ya theluji katika mitaa ya London ana kazi mbili: ajifunze neno, tena ajifunze kitu chenyewe ambacho hajakiona. Akipewa habari ya mvua kubwa, mlima na ardhi inayoporomoka, kitu chenyewe anakijua tangu akiwa mgongoni. Kimebaki kutafutiwa jina. Na kitu hicho wewe mama unakijua kuliko yeye.

Ndiyo maana tunapendekeza kwamba habari za kusoma nyumbani katika miezi hii ziwe za maafa ya asili: maporomoko, mafuriko, matetemeko, volkano. Sisi tunakaa juu ya volkano. Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, ni volkano. Wataalamu wanasema mlipuko wake mkubwa ulitokea miaka ipatayo 4,000 iliyopita, ukamwaga nchi nzima yale mawe mepesi ambayo mtoto akiyatupa majini yanaelea. Kiejo ulitoa lava miaka kama 200 tu iliyopita, na habari zake zilihifadhiwa na wazee wetu katika masimulizi. Ziwa Ngozi na ziwa Masoko yamekaa ndani ya mashimo ya volkano. Udongo huu mweusi unaotupa ndizi na viazi umetoka humo humo. Mtoto wetu akikutana na neno "volcano" katika kitabu asidhani ni jambo la Italia au Japani. Mtoe nje, umwonyeshe.

Iko sababu nyingine, nayo ni ya kifundi. Habari ya maafa ina mpango ulio wazi. Kuna kabla, kuna siku yenyewe, kuna baadaye. Kuna chanzo na kuna matokeo. Kuna tarehe, mahali, na hesabu ya watu, na hivi ni vigingi ambavyo hata msomaji mchanga anaweza kushika asianguke. Tena mtoto anataka kujua watu wale walipatwa na nini. Vitabu vingi vimejaa habari za kutembelea bustani ya wanyama na sherehe za kuzaliwa zenye keki. Hatuna ugomvi na keki, lakini ni watoto wachache wanaosoma hadi mwisho ili wajue nani aliikata.

Tumeandaa kifungu kifupi cha kuanzia. Ni habari ya kweli ya nchi yetu, ya Desemba 2023. Mtoto akinakili katika daftari lake:

Mount Hanang is in Manyara Region. At the beginning of December 2023 heavy rain fell there. The soft rock on one side of the mountain took in a lot of water and became weak. On the morning of Sunday, 3 December, it broke away. Mud, stones and trees rushed down to the town of Katesh and the villages near it. More than eighty people died, and many families lost their homes. Some people thought that the volcano had erupted, but it had not.

Usianze kwa kumwambia asome. Anza kwa kuongea. Kama bibi yupo nyumbani, yeye ndiye mwalimu wa jioni ya kwanza. Mwombe asimulie, kwa Kinyakyusa kama ndiyo lugha ya moyo wake, mvua kubwa anayoikumbuka, kilima kilichoteleza, mto uliokata njia, mahali ambapo wazee walikataza kujenga. Wako wanaoona aibu kuingiza Kinyakyusa katika habari ya Kiingereza, eti kinamchanganya mtoto. Sisi hatukubaliani nao. Anayejua jambo kwa lugha ya nyumbani amekwisha kwenda nusu ya safari.

Baada ya bibi kumaliza, mwulize mtoto: "Mvua ikinyesha siku nyingi kwenye mteremko, kinafuata nini?" Atakwambia udongo unalewa maji, unakuwa mzito, unaachia. Mwambie basi habari hii ni ya jambo hilo hilo, ila ilitokea Manyara. Sasa ndipo asome, tena asome kimya. Kusoma kwa sauti kuna mahali pake, lakini anayetamka anasikiliza ulimi wake na si mwandishi.

Mara ya kwanza atafute vigingi tu: tarehe, majina ya mahali, hesabu. Hanang, Manyara, Katesh, Desemba 3, themanini. Hata wewe usiyejua Kiingereza unaviona hivyo kwenye karatasi. Ukiwa navyo mkononi mwulize tena, "Unadhani kumetokea nini?" Akibahatisha usimkemee. Msomaji mzuri ni yule anayebahatisha kwa akili, kisha anarudi kwenye maandishi kuona kama amepata.

Mara ya pili aende sentensi moja moja, na hapa ndipo mitego ilipo. Tutaja michache.

Watoto wengi wakifika kwenye "became weak" husoma "likawa wiki". Masikioni "weak", dhaifu, na "week", juma, ni sauti moja. Wewe hujui Kiingereza, lakini unajua kwamba jabali haliwi juma. Mwambie, "Mwanangu, hiyo haina maana, rudi uangalie herufi." Maneno hayo machache, haina maana, rudi uangalie, ndiyo mafundisho makubwa kuliko yote katika kusoma, na hayahitaji cheti cha ualimu.

Wakifika kwenye "lost their homes" husema familia zilipotea njia ya kurudi nyumbani. Hapana. Nyumba zenyewe hazikuwapo tena. Wakifika kwenye "took in" hutafuta "took" peke yake na "in" peke yake katika kamusi, wakatoka na maneno mawili yasiyopatana, ilhali hapo maana yake ni kwamba mwamba ulinywa maji. Na neno "fell" hawalioni kwa urahisi kwa sababu kamusi huliweka chini ya "fall". Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996, ni fedha iliyotumika vizuri kuliko nguo ya sikukuu, na mama watatu au wanne wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga wakanunua moja na kuzungushiana.

Mtego mkubwa zaidi umefichwa katika neno dogo la herufi mbili, "it". Katika kifungu chetu limo mara tatu, na kila mara linataja kitu kingine. Tafadhali soma sehemu hii polepole, kwa sababu hapa Kiswahili chetu ndicho kinachotusaidia.

Katika Kiswahili kitenzi kinatuambia wenyewe tunazungumza juu ya kitu gani. Tukisema "lilimeguka", tunajua ni jabali. Tukisema "umejaa", huenda ni mto au mji. Tukisema "imelipuka", ni volkano. Ngeli zinatushika mkono sentensi nzima. Kiingereza hakina msaada huo. Jabali ni "it", mji ni "it", volkano ni "it", mvua ni "it". Mtoto aliyezoea kushikwa mkono anaachiwa ghafla, naye kwa kawaida hushika kitu cha karibu. Ukimwuliza nini kilichomeguka asubuhi ya Desemba 3 atasema "maji", kwa sababu neno la maji liko karibu, au atasema "mlima wote".

Fanya hivi. Kila anapokutana na "it", mwulize, "Ungeisema kwa Kiswahili ungeweka nini, li, u au i?" Hawezi kujibu bila kurudi nyuma na kutafuta kitu chenyewe. Akisema "lilimeguka", mwulize li ni nini. Atajibu jabali. Akisema "vijiji vilivyo karibu nao", mwulize nao ni nani. Akifika mwisho, "but it had not", atakwama kabisa, kwa maana sentensi imekatwa kama mkia: haikufanya nini? Mwache akae nayo. Jawabu lipo, liko maneno machache tu nyuma yake.

Na hiyo sentensi ya mwisho si ya kuipita mbio. Baada ya maafa yale ya Katesh watu waliona tope na mawe yanashuka kutoka mlima ambao kweli ni volkano, wakasema volkano imelipuka. Wataalamu wa serikali walikwenda wakaeleza kwamba haikulipuka, ni sehemu ya mlima yenye miamba laini iliyojaa maji na kumeguka. Tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Mwenye kudhani ni volkano atangoja moshi na mtikisiko ndipo aogope. Anayejua ni mvua na mteremko ataangalia mvua na mteremko. Wengi wetu tuna ndugu Mbeya mjini, na tunakumbuka Aprili 2024, tope lilipotoka Mlima Kawetere likafukia nyumba na shule katika eneo la Itezi. Haikuwa volkano pale pia.

Mtoto akimaliza, mwambie afunge daftari na akueleze habari yote kwa Kiswahili, kama anamsimulia jirani aliyekuwa safarini. Siku inayofuata aandike sentensi tatu za Kiingereza, zake mwenyewe, zenye "because", "then" na "but". Kwa sababu, kisha, lakini. Maneno hayo matatu ndiyo bawaba za habari yoyote ya maafa, na katika jiografia ya kidato cha kwanza hadi cha nne atakutana nayo kila ukurasa. Sentensi zikiwa na makosa ya tahajia si neno. Mwalimu atasahihisha, au kaka aliyefika kidato cha tatu.

Tuongeze neno moja zaidi, kwa kuwa limewahi kutuchekesha na kutuhuzunisha kwa pamoja. Kijana mmoja wa jirani yetu alipewa sentensi "Heavy rain may fall", akatafsiri, "Mvua kubwa ya mwezi Mei." Kwa mtu wa Tukuyu ni jawabu lenye busara, maana Mei tunaijua! Lakini "may" yenye herufi ndogo ni huenda. Huenda mvua kubwa ikanyesha. Na "will" ni itanyesha. Habari za maafa zimejaa maneno ya namna hii, huenda, yawezekana, inatarajiwa, na mtoto anayeyachanganya atasoma tahadhari kama ahadi, au ahadi kama tahadhari. Hata katika Kiswahili wako watu wazima wanaosikia redio ikisema huenda, wakatangaza gulioni kwamba lazima.

Sasa tuje kwenye swali ambalo mama mwenye huruma atakuwa amekwisha kujiuliza. Je, habari hizi hazitamtisha mtoto?

Zinaweza. Kwa hiyo tusizisome taa ikiwa inazimwa. Zisomwe mapema, jikoni, watu wakiwa wengi. Mtoto aliyefiwa kwa mafuriko au aliyeona nyumba yao ikianguka apewe habari nyingine kabisa, ya mifugo au ya biashara, hadi mwenyewe atakapotaka. Tuchague habari ambazo ndani yake kuna watu wanaofanya jambo: wanakimbia mahali pa juu, wanaonyana, wanachimbua wenzao, wanapika chakula cha waliokosa makazi. Habari yenye hesabu ya maiti tu haimfundishi mtoto lugha wala kitu kingine.

Na akiuliza kama Mungu ndiye aliyewaadhibu watu wa Katesh? Atauliza, watoto huuliza. Bwana wetu aliulizwa jambo la namna hiyo, na katika Luka sura ya 13 akataja mnara wa Siloamu ulioua watu kumi na wanane. Hakukubali kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Someni pamoja.

Kuna habari moja ya kweli ambayo watoto huipenda sana kwa sababu shujaa wake ni mwanafunzi. Mwezi Desemba 2004 msichana wa Kiingereza aitwaye Tilly Smith, mwenye miaka 10, alikuwa mapumzikoni na wazazi wake katika ufukwe wa Mai Khao, Phuket, nchini Thailand. Wiki mbili kabla, mwalimu wake wa jiografia, Andrew Kearney, alikuwa amewafundisha habari za tsunami. Asubuhi ya tarehe 26 Tilly aliona bahari inatoa povu na maji yanazidi kuja bila kurudi, akakumbuka somo. Alimwambia mama yake. Mama hakuelewa mara moja. Binti akashikilia neno lake, baba akamweleza mlinzi wa hoteli, na watu wapatao mia moja wakaondolewa ufukweni kabla wimbi halijafika. Mawimbi ya siku ile yalivuka Bahari ya Hindi yote na kuua watu hata kwenye pwani yetu ya Tanzania.

Tusitie chumvi. Hapa kwetu tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa hutolewa kwa Kiswahili, na hakuna atakayesombwa na mto Kiwira kwa sababu hakujua Kiingereza. Lakini Tilly hakuokoa watu kwa sababu ya lugha. Aliokoa kwa sababu alichofundishwa darasani alikielewa, akakitambua alipokiona kwa macho. Mtoto wetu atafundishwa mambo hayo hayo, matetemeko, volkano, maji na ardhi, katika sekondari, kwa Kiingereza. Akiyatamka tu bila kuyaelewa, atapata alama chache katika mtihani na hatatambua kitu chochote ufukweni.

Tena lipo la karibu zaidi kuliko bahari. Katika baadhi ya maeneo ya Rungwe, hasa upande wa Kiejo, hewa ya kaboni hutoka ardhini yenyewe. Huvunwa na kuuzwa, na hutumika katika vinywaji kama soda. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutulia mabondeni na mashimoni, na ndege au mnyama mdogo akiingia hufa pasipo jeraha. Haionekani. Huko Kameruni, Agosti 21, 1986, hewa hiyo hiyo ilitoka kwa wingi katika ziwa Nyos usiku na kuua watu wapatao 1,700. Majirani zetu wa Goma, Kongo, wanaita mahali penye hewa hiyo mazuku, na wataalamu wa dunia wamelichukua neno lao. Mtoto atakayesoma makala ya Kiingereza ya volkano siku moja atalikuta humo, "mazuku", limeandikwa vile vile. Mwambie. Utaona uso wake unavyobadilika akijua kwamba Kiingereza nacho huja kuazima kwetu.

Kifungu cha Hanang kikiisha, kinachofuata mnacho ndani ya nyumba. Karibu kila nyumba ya Kikristo hapa Rungwe, ambako Wamoraviani walifika mwaka 1891, ina Biblia ya Kiswahili. Tafuteni ya Kiingereza chepesi, hata ya kuazima kwa mchungaji, mfungue zote mbili katika Matendo ya Mitume sura ya 27. Ni habari ya tufani baharini, ya merikebu iliyovunjika, na tunathubutu kusema hakuna kifungu bora zaidi cha kujifunzia. Mpango wake uko wazi kama kamba: upepo, shehena inatupwa, siku nyingi bila jua wala nyota, nanga nne, mkate, ufuko. Mtoto asome aya tatu za Kiingereza, abahatishe, ndipo aangalie za Kiswahili. Wewe umeshika ya Kiswahili, kwa hiyo majibu yote unayo mkononi, na jioni hiyo mama ndiye mwenye kitabu cha mwalimu. Aanze na vigingi: usiku wa kumi na nne ni wa nini? Watu 276 ni akina nani? Kisha yale ya ndani: kwa nini askari walikata kamba za mashua, ilhali mashua ndiyo ya kuokolea?

Haya ni maswali matano ya kifungu cha Hanang, kwa jioni ya tatu. Kwanza, ni nini kilichomeguka? Pili, vijiji vilikuwa karibu na nini? Tatu, ni kitu gani ambacho hakikutokea? Nne, watu waliokufa walikuwa wangapi hasa? Tano, jabali lilidhoofika kwa sababu gani?

Majibu: la kwanza ni jabali laini la upande mmoja wa mlima. La pili, mji wa Katesh. La tatu, volkano kulipuka. La tano, lilinywa maji mengi ya mvua. La nne tumeliacha mwisho kwa sababu watoto wengi hujibu themanini haraka haraka. Kifungu kinasema zaidi ya themanini, na hakitaji hesabu kamili. Atakayeandika kwamba kifungu hakisemi amepata.